Mtoto Asilale Kabla ya Chakula cha Jioni

Mwezi huu tunazungumza nanyi juu ya chakula cha jioni katika familia zenye watoto wadogo. Huenda mtu akauliza: "Chakula cha jioni nacho kina jambo gani la kufundishwa? Si ugali na mboga tu?" Ndiyo, ni ugali na mboga. Lakini tunataka kujua pia: kinaiva saa ngapi? Na kinapoiva, mtoto wa miaka miwili yuko macho au amekwisha kulala?

Tuchukue siku ya kawaida hapa Lalago wakati wa kilimo. Mama ameamka alfajiri, amekwenda shamba la pamba au la mahindi, na mtoto mchanga mgongoni. Anarudi saa 11 jioni na mzigo wa kuni kichwani. Maji bado hayajatekwa, mboga bado haijachumwa, na choroko bado ziko ndani ya kibuyu, kavu kama kokoto. Moto unawashwa saa 1. Ugali unasongwa karibu saa 3 usiku. Wakati huo mtoto mdogo amekwisha kulala mkekani zamani. Anaamshwa, anatiwa tonge mbili mdomoni huku amefumba macho, kisha analala tena. Asubuhi atapewa uji mwepesi, na mchana atakula kiporo alichoachiwa pamoja na ndugu zake wakubwa. Tukihesabu sawasawa, mtoto huyo amekula chakula cha kushiba mara moja tu kwa siku.

Hapo si kwamba nyumba haina chakula. Ghalani mna mahindi, mna karanga, na pengine ng'ombe yuko zizini. Shida ni saa ya chakula na namna ya kukipika. Hilo ni jambo ambalo familia yenyewe inaweza kulirekebisha bila kungoja msaada wa mtu.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO?

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Kwa wakati mmoja huchukua chakula cha kadiri ya kikombe kimoja cha robo lita, basi. Mtu mzima anaweza kula mara mbili kwa siku na akafanya kazi. Mtoto hawezi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara 2 hadi 3 kwa siku pamoja na kunyonya, na mtoto wa miezi 9 hadi 23 apewe mara 3 hadi 4, pamoja na kitu kidogo cha kula katikati mara 1 au 2. Kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo kunyonya kuendelee hadi mtoto afikishe miaka 2 au zaidi.

Mtoto anayekosa mlo wa jioni siku kwa siku hukonda polepole, au hubaki mfupi kuliko umri wake. Hali hii ya pili huitwa udumavu. Uchunguzi wa afya uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu hauishii kwenye urefu tu. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara, na akili yake haipati nafasi ya kukua inavyostahili, hata shuleni akashindwa kufuatana na wenzake. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba madhara mengi hutokea katika siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka 2. Miaka hiyo ikipita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Nchi yetu ina mfano mzuri wa kujifunza. Mwaka 1983 mpango wa lishe ulianzishwa katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wazazi na viongozi walikaa pamoja kutafuta sababu za watoto kukonda. Waliona kwamba chakula kuwamo nyumbani hakutoshi. Watoto walikuwa wakilishwa mara chache mno, uji ulikuwa mwepesi mno, na akina mama walikuwa na kazi nyingi mno. Mambo hayo matatu yaliposhughulikiwa, pamoja na chanjo na matibabu, idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilipungua sana. Nasi tuyashughulikie hayo hayo katika mlo wa jioni.

KAZI YA JIONI IANZE ASUBUHI

Mama aliyechoka hawezi kuanza kila kitu saa 11 jioni. Basi kazi igawanywe. Haya ndiyo ya kutangulizwa:

1. Kuloweka. Kabla ya kwenda shambani, chagua choroko, kunde, dengu au maharage, osha, mimina maji safi, funika. Ni kazi ya dakika tano. Jioni mwaga maji yale, tia mapya, bandika. Choroko zilizoloweka kutwa huiva kwa nusu saa hivi, na kuni zinazotumika ni chache.

2. Kutwanga karanga. Siku ya Jumamosi kaanga karanga za wiki nzima, pepeta maganda, twanga kwenye kinu mpaka ziwe unga. Hifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko. Karanga zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizoota ukungu au zilizo chungu zitupwe kabisa, wala wasipewe kuku. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

3. Kutayarisha dagaa. Dagaa wakavu kutoka Ziwa Victoria mara nyingi huwa na mchanga. Waoshe mara mbili au tatu kwa maji ya uvuguvugu, waanike wakauke, uwakaange kidogo bila mafuta, kisha twanga sehemu yao iwe unga. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya uji au mboga ya mtoto kinampa nguvu ya kujenga mwili, damu na mifupa, maana dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake.

4. Kugawana kazi. Mmoja ateke maji, mwingine achume mboga, mwingine awashe moto. Kijana wa kiume naye anaweza kuteka maji na kuosha vyombo. Lakini asiachwe mtoto mdogo peke yake karibu na mafiga. Ajali za moto na za uji wa moto hutokea hasa saa hizo za haraka.

SUFURIA YA WATOTO ITANGULIE

Kwetu tumezoea kwamba watu wote wale pamoja, ugali ukisha kusongwa. Desturi hiyo ni nzuri, na hatusemi iachwe. Tunachoshauri ni kwamba watoto walio chini ya miaka 5 wapewe chakula chao saa 12 jioni au saa 12 na nusu, kabla giza halijaingia, hata kama wakubwa watakula saa 2. Chakula ni kile kile. Mboga ikiiva, songa kwanza ugali mdogo na laini wa watoto, au ponda viazi, wale. Ugali wa wakubwa utafuata. Mtoto ambaye bado yuko macho wakubwa wanapokula, aongezewe kidogo. Hapo atakuwa amepata mlo wa nne.

Jambo la pili ni bakuli. Watoto wanaokula katika sinia moja hawali sawa. Mwenye miaka 8 humaliza mboga wakati mwenye miaka 2 bado anapuliza tonge lake la kwanza. Mtoto mdogo awe na bakuli lake mwenyewe, hata la bati, ili mama aone amekula kiasi gani. Kwa kupima kwa kikombe cha robo lita, mtoto wa miezi 6 hadi 8 aanze kwa vijiko 2 au 3 na kuongezewa mpaka nusu kikombe. Wa miezi 9 hadi 11 ale nusu kikombe. Na wa mwaka 1 hadi 2 ale robo tatu hadi kikombe kizima. Kaa naye, zungumza naye, mtie moyo. Usimlazimishe wala usimbane pua.

Jambo la tatu ni uzito wa chakula. Uji unaotiririka kama maji hujaza tumbo bila kumpa mtoto nguvu. Uji mzuri ukiuchota kwa kijiko unabaki kijikoni. Wazee wetu wanajua kutengeneza kimea cha mtama kwa ajili ya pombe. Kimea hicho hicho kinafaa kwa uji. Mtama ukisha kuota, ukauke vizuri juani, kisha mizizi na vichipukizi viondolewe vyote, maana vina sumu. Punje zisagwe. Pika uji mzito sana, epua, upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Baada ya dakika kumi hivi uji utalainika wenyewe bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena ndipo mtoto apewe. Hivyo atapata unga mwingi katika kikombe kile kile.

VYAKULA VITANO KWA SIKU TANO

Hivi vifuatavyo vinatosha familia ya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne. Vyote vinatokana na vitu vinavyopatikana mashambani na sokoni katika Mkoa wa Simiyu, na kila kimoja kinaweza kuwa tayari kwa muda wa saa moja hivi ikiwa kazi ya asubuhi imefanyika.

Jumatatu: Choroko za karanga na ugali laini. Chukua nusu kilo ya choroko zilizolowekwa, kitunguu 1, nyanya 2, nusu kikombe cha unga wa karanga na chumvi. Chemsha choroko mpaka zilainike, kama nusu saa. Tia kitunguu na nyanya. Changanya unga wa karanga na maji kidogo, umimine, uache ichemke polepole kwa dakika kumi huku ukikoroga isishike chini. Pakua ya mtoto, iponde kwa mwiko, changanya na ugali laini. Sisi wakulima wa mahindi na mtama tukumbuke kwamba nafaka peke yake haijengi mwili wa mtoto vya kutosha. Ikiungana na mikunde, kimoja hukamilisha upungufu wa kingine.

Jumanne: Viazi vya rangi ya chungwa na maziwa. Viazi vitamu tulivyozoea ni vyeupe ndani. Vinatia nguvu, lakini havina vitamini A. Vile vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo watu huviita viazi lishe, vina vitamini A kwa wingi, nayo hulinda macho ya mtoto na kumkinga na maradhi. Viazi hivi vimesifiwa duniani. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu waliovieneza Afrika, na mmoja wao ni Robert Mwanga wa Uganda. Chemsha viazi 8 au 10 vya wastani pamoja na maganda yake, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa muda wa nusu saa. Menya, ponda, changanya na maziwa ya mgando au unga wa karanga. Mafuta yaliyomo katika maziwa na karanga husaidia mwili kuipokea vitamini A. Majani ya viazi, yaani matembele, yawe mboga ya siku hiyo. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe kwanza, kisha ndipo yagandishwe, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba.

Jumatano: Dagaa na mboga za majani. Vikombe 2 vya dagaa waliooshwa, kitunguu 1, nyanya 3, vijiko 3 vya mafuta ya alizeti au ya pamba. Kaanga kitunguu, tia dagaa, tia nyanya na maji kidogo, funika kwa robo saa. Katika chungu kingine pika mgagani, mchicha au mlenda. Mama, tafadhali punguza magadi katika mlenda, au uache kabisa. Magadi hulainisha mboga haraka, lakini huharibu vitamini zake. Pia usimwage maji ya mboga. Pika kwa maji machache na kwa muda mfupi.

Alhamisi: Michembe na kunde. Hiki ni chakula cha nyumbani kwetu, nacho ni rahisi sana. Chemsha nusu kilo ya kunde zilizolowekwa. Zikikaribia kuiva, tia vikombe 4 vya michembe iliyooshwa na maji ya kuifunika. Baada ya nusu saa tia nusu kikombe cha unga wa karanga na chumvi, koroga, punguza moto. Kina utamu wake chenyewe, wala hakihitaji sukari. Kwa mtoto kipondwe. Kwa kuwa michembe mingi hutokana na viazi vyeupe, weka kando yake mboga ya majani au kipande cha boga au papai.

Ijumaa: Mseto wa mchele na choroko. Chakula hiki hupikwa katika sufuria moja, nacho huliwa sana pwani. Kwetu kunakolimwa mpunga mabondeni kinatufaa pia. Chemsha nusu kilo ya choroko zilizolowekwa kwa dakika ishirini katika vikombe 8 vya maji. Tia vikombe 2 vya mchele, kitunguu na chumvi. Funika, moto mdogo, mpaka maji yaishe na mchele ulainike. Ongeza maji kidogo ukiona unakauka mapema. Mwishoni tia vijiko 2 vya mafuta au samli. Kwa mtoto nyunyiza unga wa dagaa juu yake.

Jumamosi na Jumapili familia ijipangie yenyewe. Lakini tuseme neno juu ya yai. Wako wanaoamini bado kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema au atakuwa mwizi. Hakuna ukweli katika maneno hayo. Yai lililoiva vizuri ni chakula bora kwa mtoto kuanzia miezi 6. Mwenye kuku watano asiuze mayai yote ili anunue soda. Yai moja likivunjwa ndani ya mchicha unaochemka linatosha bakuli mbili za watoto.

WAKATI WA KIANGAZI

Kati ya Juni na Oktoba mboga mbichi huadimika. Hapo ndipo nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, inapotusaidia. Tuikaushe wakati wa mvua kwa namna iliyo bora: majani yaoshwe, yachovywe katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, kisha yaanikwe kivulini penye upepo. Jua kali huharibu vitamini A. Nsansa ikipikwa na karanga huwa mboga nzuri kwa mkubwa na mdogo. Ubuyu na ukwaju navyo visidharauliwe. Maji ya ubuyu pamoja na chakula husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga na mikunde. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Basi mtoto asipewe chai pamoja na mlo.

Maji yaliyonawiwa vyombo na mikono yakimwagiwa mgomba, mpapai au tuta dogo la mchicha nyuma ya nyumba, familia itakuwa na kijani kidogo hata mwezi wa Septemba.

USAFI, KIPORO NA CHUMVI

Kabla ya kupika na kabla ya kulisha, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminika. Mtoto naye anawishwe. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto letu bila kupashwa moto. Kiporo kinachobaki usiku kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, na asubuhi kichemshwe mpaka kitokote. Kuchovya kidole ukasikia uvuguvugu hakutoshi. Kikinuka au kuchacha, kitupwe. Kuharisha kwa siku tatu kunaweza kumnyang'anya mtoto uzito wa mwezi mzima.

Chumvi itumike yenye madini joto, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko mbali na moto, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo. Zinaweza kumkaba kooni. Wakati wote ziwe zimetwangwa.

BABA NAYE ANAHUSIKA

Mara nyingi mafundisho ya chakula huelekezwa kwa mama peke yake, naye mama ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote. Lakini anayeamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki, katika nyumba nyingi ni baba. Kwa hiyo tunazungumza na baba pia.

Wanunuzi wa choroko, dengu na karanga huja na fedha taslimu wakati wa mavuno. Fedha zinahitajika, kwa ada, kwa matibabu, kwa bati. Lakini kabla ya kupima mzigo, fanyeni hesabu hii ya nyumbani. Nusu kilo ya mikunde mara 3 kwa wiki ni kilo 78 kwa mwaka, yaani haifiki gunia moja la kilo 100. Watoto watatu wakipewa vijiko 2 vya unga wa karanga kila mmoja kwa siku, kama gramu 60 kwa wote, ni kilo 22 za karanga zilizobanguliwa kwa mwaka. Kiasi hicho kiwekwe kando, baba na mama wakiwa wamekubaliana, ndipo kinachobaki kiuzwe. Mtu anayeuza choroko zote mwezi wa Juni atazinunua tena Desemba kwa bei kubwa zaidi, au watoto wake watakula ugali kwa chumvi.

Tena baba anaweza kupunguza masaa ya jioni. Baiskeli yake ikileta madumu mawili ya maji saa 10, chakula kinatangulia kwa saa nzima. Akijenga jiko la udongo linalobana moto, kuni zitatumika chache. Na nyama au samaki anapopatikana, kipande laini kisiishie kwenye sahani ya baba. Wasukuma ni watu wa ng'ombe. Haifai watoto wa wenye ng'ombe wakose maziwa ya jioni.

WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Mambo tuliyoeleza ni ya kumlinda mtoto mzima. Mtoto ambaye tayari ana dalili hizi asingojewe nyumbani: kuvimba miguu yote miwili, nywele kubadilika rangi na kunyofoka, ngozi kubabuka, kukonda hadi mbavu kuhesabika, au kukataa kula kabisa. Apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko watampima mkono kwa utepe maalum. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, utepe husoma rangi nyekundu, na huo ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu. Rangi ya njano, kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo. Dawa za kienyeji za kukanda na kuchanja hazitibu upungufu wa chakula. Zinachelewesha tu.

Hata mtoto anayeonekana mzima apelekwe kliniki kupimwa uzito mpaka afikishe miaka 5. Kadi yake itazameni wote wawili, baba na mama. Mstari ukipanda, chakula kinamtosha. Ukilala kwa miezi miwili, jiulizeni kwanza swali hili: jioni hula saa ngapi?

TUANZE NA WIKI MOJA

Hatuwaombi mbadili yote kwa siku moja. Jaribuni wiki moja tu. Jumapili jioni chagueni choroko za kuloweka na mtwange karanga. Jumatatu hadi Ijumaa watoto wadogo wale kabla ya saa 1 usiku, kila mmoja katika bakuli lake. Mwisho wa wiki mzungumze nyumbani: watoto wamelalaje? Wameamkaje? Nani alisaidia, na nani alikwepa? Akina mama wa jumuiya moja wanaweza pia kukubaliana kutwanga karanga pamoja Jumamosi, na kugawana mbegu za viazi vya rangi ya chungwa mvua zinapoanza. Aliye na mche mmoja wa mpapai ampe jirani mbegu.